Likizo ya milimani na mtoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ya watu wanaopanga likizo mahali penye milima na mito: kutembea, kulala hemani, kuvua samaki, kuogelea, kushuka mto kwa boti ya mpira. Yamepangwa jinsi mpangaji anavyokutana nayo, tangu mezani hadi kurudi nyumbani. Maji na mwinuko vimepewa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa ndivyo vinavyovuruga ratiba nyingi.

Nianzie wapi: mahali, tarehe au watu?

Anza na watu. Wengi huanza na picha ya mahali, wakakata tiketi, ndipo wakagundua kwamba mmoja wao hajui kuogelea na mwingine ana goti lisilopenda mteremko. Kaeni pamoja, kila mtu aseme kweli kuhusu mambo manne: anaweza kutembea saa ngapi kwa siku akiwa na mzigo, anaogelea au haogelei, ana ugonjwa gani wa kudumu, na anaogopa nini. Ratiba ipimwe kwa mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Tofauti ikiwa kubwa mno, gawaneni: wengine wapande, wengine wabaki bondeni, mkutane jioni. Familia nyingi zingerudi zikiwa bado zinaongea vizuri kama zingekubaliana hivyo mapema.

Siku ngapi zinatosha?

Hesabu siku za shughuli, kisha ongeza siku moja tupu kwa kila siku tatu au nne. Siku hiyo isiwekwe mwishoni, maana huko hugeuka kuwa siku ya kufunga mizigo. Iwekeni kabla ya jambo linalotegemea hali ya hewa: kilele, kivuko cha mto mkubwa, siku ya boti. Mvua ikinyesha, mnangoja. Jua likiwaka, mnaendelea na siku mnaihifadhi. Vilevile ndege ya kurudi isiwe kesho yake baada ya kushuka mlimani. Mtu anayewahi ndege huvuka mto ambao mwenye siku ya ziada angeusubiri upungue.

Msimu upi ni mzuri?

Mlima una msimu wake na mto una wake, na mara nyingi haiendi pamoja. Maji yanayopita mbele yako leo huenda yalinyesha majuma yaliyopita, mbali sana na hapo ulipo. Zambezi ni mfano ulio wazi. Kwenye Maporomoko ya Victoria mafuriko hufikia kilele karibu na Aprili, mvua za eneo lenyewe zikiwa zinaisha, kwa sababu maji hutoka mbali huko juu na hutandaa kwanza kwenye tambarare za Barotse, magharibi mwa Zambia, kabla ya kuteremka. Oktoba na Novemba, joto likiwa kali, mto huwa na maji machache kabisa, na hapo ndipo mikondo ya chini ya maporomoko inafaa kwa boti za mpira. Anayetazama kalenda ya mvua peke yake atakosea pande zote mbili.

Kwenye milima ya theluji mambo hupishana kwa namna nyingine. Njia za juu hufunguka theluji ikiyeyuka, na theluji hiyohiyo ndiyo inayojaza mito ya chini, kwa hiyo mwezi ambao kilele kinaanza kupitika unaweza kuwa ndio mwezi ambao vivuko havipitiki. Anayetaka vyote viwili alenge mwisho wa kiangazi: maji yamepungua, njia zimekauka, wadudu si wengi, na wageni wameanza kutawanyika. Gharama yake ni siku fupi na usiku wa baridi. Katika ukanda wa tropiki angalia pia upande wa mlima. Upande unaopokea upepo wenye unyevu hulowa, wa pili hubaki mkavu, na wageni hushangaa kwamba mlima mmoja una hali mbili.

Ukimpigia mwenyeji simu, usiishie kuuliza hali ya hewa. Muulize mto hujaa lini, maji yake yanatoka wapi, na kama kuna bwawa juu yake. Bwawa la umeme likifunguliwa, mto hupanda hata kama hakuna wingu hata moja.

Kilomita 12 kwenye ramani ni mwendo wa saa ngapi?

Inategemea mnapanda kiasi gani. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye mita 900 za kupanda zinakuwa karibu saa nne. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye mazoezi, njia nzuri, bila kupumzika. Kundi la kawaida lenye mizigo lizidishe kwa moja na nusu, yaani saa sita: mkiondoka saa 12 asubuhi, mnafika saa 6 mchana. Mteremko mkali nao usihesabiwe kuwa zawadi, kwani magoti hulipia huko kuliko kwenye kupanda. Na ukiona mistari ya kontua (inayounganisha mahali penye mwinuko sawa) imebanana kwenye ramani, hapo ni pakali. Usidanganyike na ufupi wa umbali.

Kwa nini waongozaji wanataka tuondoke kungali na giza?

Kwanza, radi. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda na kujenga mawingu ambayo mara nyingi hupasuka alasiri. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike; kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, radi iko karibu vya kutosha kuwapiga: shukeni kutoka kileleni na kwenye migongo ya mlima, tokeni majini, msijikinge chini ya mti ulio peke yake wala kwenye mdomo wa pango fupi, na achaneni nafasi ili mmoja akipigwa wengine waweze kumsaidia. Mngoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Pili, mto unaotokana na barafu huwa mdogo alfajiri na mkubwa jioni, kwa sababu joto la mchana ndilo linaloyeyusha. Kijito mlichokiruka asubuhi kinaweza kuwazuia kurudi saa 11 jioni.

Tatu, mkipotea au mtu akiteguka, mnabaki na mwanga. Hiyo peke yake inatosha kumwamsha anayelalamika.

Tutajuaje kama mto unavukika kwa miguu?

Tupa kijiti majini kisha tembea kandokando yake. Kikikuacha, msivuke. Maji yakipita magoti na yanakwenda kasi, msivuke. Rangi ikigeuka kuwa ya kahawia, matawi yakianza kuelea, au ukisikia mawe yakigongana chini, mto unapanda: ondokeni ukingoni kabisa. Watu hudharau maji ya magotini kwa sababu wamezoea ya kusimama. Yanayokwenda ni mengine; kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye miguu huongezeka mara nne.

Mahali pazuri pa kuvukia mara nyingi si pale njia inapokutana na mto. Tafuteni palipo pana, au pale mto unapogawanyika kuwa vijito kadhaa. Epukeni kona, kwani upande wa nje huchimbwa na kuwa na kina. Kisha tazameni mto unakoelekea, maana mtu akianguka ndiko atakakopelekwa. Kukiwa na maporomoko, daraja bovu au mti ulioangukia majini, tafuteni pengine. Mti wa namna hiyo ni hatari kuliko mwamba: maji hupita katikati ya matawi, mtu hanasi tu bali hubanwa pale.

Vukeni na viatu miguuni. Fungueni mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani ili mzigo uweze kuachwa. Aliye peke yake aelekeze uso mto unakotoka, aegemee fimbo, na asogee kwa kuhamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, mguu au fimbo. Kundi lishikane mikono kwa nguvu, mwenye nguvu zaidi akiwa upande maji yanakotoka, wengine wakifuata nyuma ya mkondo wake. Msimfunge mtu kamba mwilini; ikikazwa na maji humzamisha.

Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole juu, uogelee kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama mpaka maji yawe ya chini sana. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi. Ila ukiona unapelekwa kwenye mti ulioanguka na huwezi kuukwepa, geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu kuuelekea, na ujivute juu yake.

Hata hivyo kuvuka siku hiyo si lazima. Mto uliojazwa na mvua moja ya radi kwenye bonde dogo unaweza kupungua baada ya saa chache, na wa barafu hupungua usiku. Pigeni hema mahali pa juu mngoje.

Madaraja ya ugumu wa mto, 1 mpaka 6, yana maana gani?

Ni kipimo cha kimataifa cha ugumu wa mikondo. Daraja la 1 ni maji yanayotiririka na viwimbi vidogo. La 2 ni rahisi, njia yake inaonekana. La 3 lina mawimbi yanayoweza kujaza maji kwenye mtumbwi na linadai uendeshaji wa uangalifu. La 4 ni kali na linataka ustadi. La 5 ni la mabingwa, na la 6 ni karibu lisilopitika. Daraja hubadilika na wingi wa maji, kwa hiyo mkondo ulioandikwa 3 kwenye kijitabu cha wageni unaweza kuwa 4 baada ya mvua, au ukafunikwa kabisa ukatoweka. Muulizeni mwendeshaji daraja la siku hiyo. Familia inayoanza itafurahi kwenye la 2 na la 3. Hamlazimiki kusimulia la 5.

Sijui kuogelea. Naweza kupanda boti ya mpira?

Kwenye maji tulivu, ukivaa jaketi la kujiokolea linalokubana vizuri na kofia ngumu, kampuni nyingi zitakukubali. Lijaribu: mtu alivute juu kwa mabega; likikupita masikioni, ni kubwa. Kwenye daraja la 3 na kuendelea, ushauri wetu ni ubaki ukingoni na kamera. Mwambie mwongozaji ukweli kabla, na usikubali kampuni isiyofanya mafunzo ya usalama nchi kavu kwanza.

Maji ya mlimani ni baridi kiasi gani cha kuhofia?

Kuliko wengi wanavyodhani, na hatari ya kwanza ni pumzi. Mtu akitumbukia kwenye maji ya baridi kali, kwa dakika ya kwanza hutweta bila hiari. Akivuta maji wakati huo, anazama hata kama ni mwogeleaji. Baada ya hapo ana takriban dakika 10 za mikono na miguu inayomtii. Kupoteza fahamu kwa baridi huchukua muda mrefu zaidi, karibu saa moja. Kwa hiyo dakika ya kwanza usihangaike: elea, tuliza pumzi, kisha utoke. Na msiruke majini kutoka mwambani siku ya joto kabla mtu hajaingia taratibu kupima baridi na kina.

Maji ya kijito yanaonekana safi. Tunaweza kunywa?

Safisheni kwanza. Huko juu kuna mifugo, wanyama pori na watu wengine wenye hema kama lenu. Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika: yaacheni yatokote dakika 1, na juu ya mita 2,000 dakika 3, kwa kuwa maji hutokota kwa joto la chini kadiri mnavyopanda. Chujio la kawaida la kubebeka hushika bakteria na vimelea lakini virusi vingi hupita. Vidonge vya klorini huua virusi na bakteria ila haviwezi vimelea vya Cryptosporidium. Ndiyo maana watu makini hutumia chujio na vidonge pamoja. Maji ya matope yaachwe yatue na yapitishwe kwenye kitambaa kwanza.

Kuoga nako kuna masharti. Katika nchi zenye kichocho, vimelea huingia kupitia ngozi kwenye maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia au yanayokwenda polepole, penye konokono. Baada ya mafuriko kuna homa ya mgunda, inayotokana na mkojo wa wanyama na huingia kwenye michubuko. Waulizeni wenyeji wanaoga wapi.

Ugonjwa wa mwinuko unaanzia wapi?

Kwa kawaida juu ya mita 2,500. Kwenye mita 5,500 shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na mwili unahitaji siku, si saa, kuzoea. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi mbovu. Kuwa na mazoezi hakumkingi mtu. Tena vijana wenye nguvu ndio huumia mara nyingi, kwa kuwa hupanda haraka kuliko wengine.

Kanuni inayokubalika: juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike siku nzima pale pale. Mchana mnaweza kupanda zaidi mradi mshuke kulala. Anayepanda Kilimanjaro, mita 5,895, akichagua kati ya njia ya siku chache na ndefu kidogo, alipie siku. Ndiyo fedha yenye faida kuliko zote kwenye safari hiyo. Dawa ya acetazolamide husaidia baadhi ya watu, ila ni ya kuandikiwa na daktari kabla ya safari.

Mwenye dalili ndogo asipande tena mpaka zimwishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, ubongo au mapafu yamejaa maji. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Kilele hakimsaidii, na kungoja kukuche kunaweza kumuua.

Nguo gani?

Za tabaka. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo nyuzi 28 bondeni ni kama nyuzi 15 kwenye kambi iliyo mita 2,000 juu yake, kabla ya upepo. Tabaka la ndani liwe la sufu au la kitambaa kinachokauka haraka. Pamba ikilowa hukaa na unyevu na kukupoza. Katikati jaketi la joto, juu koti lisilopitisha maji. Weka soksi kavu na nguo za kulalia ndani ya mfuko wa plastiki, na zisivaliwe mchana kwa sababu yoyote. Jua nalo lisisahaulike: miale yake huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya huakisi mpaka asilimia 80. Miwani ya jua huko ni kinga ya macho.

Viatu vipya vivaliwe nyumbani majuma kadhaa. Hakuna zaidi ya kusema.

Hema tupige wapi?

Juu ya alama ya mafuriko. Tazama nyasi na takataka zilizonasa kwenye vichaka: huko ndiko maji yaliwahi kufika. Usilale kwenye mkondo mkavu hata kama mchanga wake unavutia. Chini kabisa ya bonde nako kuna baridi, maana hewa nzito hushuka usiku na kukaa hapo. Panda kidogo ubavuni, utalala vizuri zaidi. Angalia juu: matawi makavu na mawe yanayoporomoka.

Na choo?

Kama hakuna choo, nenda angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kisha lifukie. Karatasi mrudi nayo. Kuosha vyombo na kuoga kwa sabuni kufanyike umbali huohuo, hata kama sabuni imeandikwa kuwa haidhuru mazingira. Kwenye theluji, na kwenye makorongo membamba ya mto, sehemu nyingi hudai kinyesi kibebwe na kurudishwa.

Simu itashika mtandao?

Pangeni kana kwamba haitashika. Pakueni ramani mapema, mbebe ya karatasi pia, na simu iwekwe kwenye hali ya ndege ili betri isiliwe na utafutaji wa mtandao. Usiku lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu baridi humaliza chaji. Kwa safari za mbali kodisheni kifaa cha ujumbe wa setilaiti. Asiyekuwa nacho ajue ishara ya kale ya milimani: filimbi au tochi mara 6 kwa dakika, kisha dakika moja ya kimya, kisha tena. Anayejibu hufanya mara 3 kwa dakika.

Naweza kupanda ndege na mtungi wa gesi ya jiko?

Hapana, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Panga kununua ukifika, na uhakikishe mapema kwamba aina inayofaa jiko lako inapatikana huko.

Bima ya kawaida ya safari inatosha?

Mara nyingi hapana. Soma vifungu vitatu: kikomo cha mwinuko, uokoaji wa helikopta, na daraja la mto linaloruhusiwa. Vibali vya hifadhi, vya kuvua na vya kurusha droni huombwa tofauti, na njia maarufu hujaa miezi mingi kabla.

Tukisharudi, kuna la kufanya?

Mwambieni yule mliyemwachia ratiba kwamba mmerudi. Anapaswa kuwa na njia mliyopanga kupita na saa ya kupiga simu ya uokoaji kama hamjasikika. Mkinyamaza, watu watatoka usiku kuwatafuta mkiwa mmelala kitandani. Viatu, boti na vifaa vya kuvulia visuguliwe matope na vikaushwe kabisa kabla ya kupelekwa mto mwingine, kwani mbegu na viumbe vigeni husafiri humo. Hema likunjuliwe likauke, la sivyo litaota ukungu. Na mtu akipata homa, upele au mkojo wenye damu hata majuma au miezi baadaye, amweleze daktari kwamba alioga mtoni, na wapi.